Mwendelezo unaodai kazi ya ziada

Mwandishi, hapo unaposema watazamaji wamechoshwa na filamu za Marvel sikubaliani nawe. Wangekuwa wamechoka, Spider-Man: No Way Home ya 2021 ingepitaje dola bilioni 1.9? Novemba 2023 nilienda na binamu yangu kuona The Marvels kwenye sinema moja ya Ngong Road. Filamu ya kwanza, Captain Marvel ya 2019, ameirudia mpaka anajua nani atasema nini. Filamu haijakolea akaniinamia: “Kwani huyu Monica alipata nguvu lini?” Jibu liko WandaVision, na la Kamala, shujaa mwenzake, liko Ms. Marvel, tamthilia za Disney+, huduma ambayo wakati huo haikuwa imeletwa Kenya. Sasa mtu wa Kangemi angeziona wapi kihalali? Doctor Strange ya 2022 ilikuwa vilevile: usipojua yaliyompata Wanda kwenye tamthilia, unamwona tu amegeuka katili ghafla. Afadhali vibanda vya video, ambako msimulizi DJ Afro hukueleza nani ni nani huku ngumi zikiendelea.

Na nyinyi mnaomrukia Brie Larson, Captain Marvel mwenyewe, hapo juu, tulieni. Filamu ya kwanza ilivuka dola bilioni moja, ya pili ikaishia kwenye milioni 206 hivi, na mwigizaji ni yuleyule. Anayetaja Wakanda Forever naye anachanganya mambo. Chadwick Boseman, nyota wa Black Panther, alifariki 2020, hadithi ikabidi iandikwe upya. Hiyo mimi siihesabu kabisa.