Nyamaza Kidogo, Tuangalie

KUTOKA MLIMANI
Na Muthoni Kiragu

Jumamosi iliyopita niliketi na tata, kama tunavyomwita shangazi huku kwetu, sebuleni mwake Tetu, tukatazama filamu ya Kijapani ya mwaka 1964. Inaitwa Suna no Onna, yaani mwanamke wa mchangani. Haina rangi, inakaribia saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo watu wawili wanazoa mchanga kwa sepetu. Tata amepita miaka themanini na mitano. Kiingereza hasomi, na Kijapani hakuwahi kukisikia kabla ya siku hiyo.

Nilikuwa nimejiandaa kumsimulia. Sisi wa miji hii ya mlimani, Karatina hadi Nanyuki, Kerugoya hadi Chuka, tumelelewa na sinema ya kusimuliwa. Wengi wetu tuliingia kwenye mabanda ya video siku za soko, tukabanana kwenye mabenchi, pazia zito likashushwa mlangoni, na sauti ya DJ Afro ikapanda juu ya sauti za wahusika ikitueleza staa ni nani, adui ni nani, na kwa nini huyu atapigwa kabla ya yule. Kazi ya DJ Afro naiheshimu. Alimfungulia mlango mtu asiyejua Kiingereza, Kihindi wala Kichina, na akamfanya ajione mwenyeji humo ndani. Lakini mazoea hayo yametuachia imani moja ambayo nami nilikuwa nayo hadi Jumamosi: kwamba picha isiyo na wa kuifafanua bado haijaiva.

Basi nikaanza. Huyu ni mwalimu wa shule kutoka Tokyo, tata. Amepata likizo ya siku tatu. Amekuja ufuoni kutafuta mbawakawa, anataka agundue aina mpya ili jina lake liandikwe kwenye kitabu cha wadudu. Sasa amekosa basi la mwisho, wanakijiji wanamwambia...

Akaniwekea mkono kwenye goti. "Nyamaza kidogo, mwanangu. Tuangalie."

Tukaangalia. Wanakijiji wanamtafutia mgeni pa kulala: nyumba ya mjane iliyo chini ya shimo refu la mchanga, ambayo haifikiki ila kwa ngazi ya kamba. Usiku anamwona mjane akizoa mchanga, na watu wa juu wakiuvuta kwa kamba. Asubuhi ngazi haipo. Mchanga unaanguka kila siku, kwa hiyo lazima uzolewe kila usiku. Wakikataa kuzoa, maji hayateremshwi. Mume wa mjane na binti yao walifukiwa na dhoruba mwaka uliotangulia. Yeye anatunga shanga, anaweka akiba ili siku moja anunue redio. Mwalimu anapiga kelele, anatishia, anatoroka, anakamatwa, anarudishwa shimoni.

Mwongozaji wake, Hiroshi Teshigahara, alikuwa mtoto wa Sofu Teshigahara, aliyeanzisha shule ya upangaji maua iitwayo Sogetsu, na baadaye yeye mwenyewe akaja kuiongoza. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini anaweza kuikazia macho chembe moja ya mchanga hadi ikawa kubwa kama jabali la Mlima Kenya, kisha akarudi nyuma polepole hadi chembe zikawa mawimbi. Muziki wa Toru Takemitsu haukwambii uhuzunike wala ufurahi. Nyuzi zinakwaruza tu, kama mchanga ulioingia kwenye meno. Hadithi ni ya Kobo Abe, aliyeitoa kama riwaya mwaka 1962 na kuiandikia filamu yeye mwenyewe. Cannes waliipa tuzo maalumu ya majaji mwaka 1964, na Teshigahara akawa Mjapani wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya mwongozaji bora.

Nimeiona mara nne sasa. Mara tatu za kwanza nilidhani alama za vidole na mihuri inayopita pamoja na majina ya waigizaji, mwanzoni kabisa, ni mapambo. Tata alipoziona alisema papo hapo, "Hizo ni za kipande." Kitambulisho hicho cha ukoloni baba yake alikivaa shingoni, kwenye kikopo cha chuma, karatasi ikiwa na alama za vidole na maneno ya waajiri. Dakika chache baadaye mwalimu, akiwa amejilaza kwenye mashua iliyozama mchangani, anaanza kuzihesabu kichwani karatasi zote anazodaiwa mtu ili kuthibitisha kwamba yeye ni yeye: vyeti, vibali, leseni, mikataba. Sikumfasiria hata neno. Hakuhitaji. Alikuwa ameshauona mlango ambao mimi nilikuwa nikiupita tu.

Kuhusu shimo, lazima nieleze, kwa maana vijana wengi wanaosoma safu hii wanapanda matatu ya Nyeri kila siku bila kujua wanapita juu ya nini. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 watu wa nchi hii ya Agikuyu walitolewa kwenye maboma yao wakasongamanishwa katika vijiji vyenye ua na walinzi. Zaidi ya watu milioni moja, vijiji zaidi ya mia nane. Ili wapiganaji wa Mau Mau msituni wasipate chakula, serikali ya kikoloni iliamuru uchimbwe mtaro pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya, wenye urefu wa maili zipatazo 50 na kina cha futi kama 10, chini yake ikisimikwa mianzi iliyochongwa. Vijiji navyo vilizungushiwa mitaro yao. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Waliochimba, kwa sehemu kubwa, ni wanawake, kwa majembe yao wenyewe, bila malipo, ngati, yaani wanamgambo wa serikali, wakiwasimamia.

Tata alikuwa na miaka kumi na sita hivi. Mwalimu alipouliza shimoni lile swali ambalo wahakiki wameliandikia kurasa nyingi, kama mwanamke huyu anazoa ili aishi au anaishi ili azoe, tata aliongea kwa mara ya kwanza tangu kipande. Alisema mvua ya usiku ilikuwa ikibomoa kingo. Asubuhi udongo wa jana ulikuwa umerudi ulikotolewa. Mkauchimba tena. Hakuongeza neno, na macho yake hayakuondoka kwenye kipakatalishi.

Chuoni nilifundishwa kwamba ufunguo wa filamu kama hii ni Albert Camus na kitabu chake cha 1942 juu ya Sisifo, yule wa hadithi za Kiyunani aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani milele. Ni ufunguo mzuri, umenifaa. Lakini nikiwa kando ya tata niliona pengo lake. Sisifo hana jirani. Mjane wa mchangani anaye. Anamweleza mwalimu wazi kwamba nyumba yake ikifukiwa, nyumba inayofuata itakuwa hatarini, na baada ya hiyo nyingine. Ndiyo maana anazoa hata pale ambapo kuzoa hakumfai yeye. Hapo hapo kuna ukatili, kwa kuwa wanaofaidi ni watu wa juu. Wanawauzia wajenzi mchanga huo wenye chumvi kwa siri, na hawajali ni ghorofa la nani litakaloporomoka. Wajibu kwa jirani na unyonyaji wa bwana vimebebwa kwenye kamba moja. Filamu haikwambii ukate wapi. Wanawake wa mtaro waliijua kamba hiyo: aliyelegea alilitia kundi zima taabuni, kwa hiyo walibebana, na kwa kubebana kwao mtaro wa adui ukaisha.

Ugumu wa filamu ninaousifu ni huo. Mtu hahitaji shahada ili auingie. Anahitaji kuachwa na picha muda wa kutosha mpaka jambo lake mwenyewe lipande juu. Filamu inayonieleza kila kitu imeamua mapema kwamba sina jambo. Suna no Onna haikuwa na habari na Tetu, Ruring'u wala Othaya, na bado iliacha nafasi ambayo tata aliingia akakaa.

Nimesikia ikisemwa mara nyingi, hata na watu wanaoipenda sinema, kwamba filamu za namna hii ni za wageni na za Nairobi, kwamba mtu wa Karatina aliyeshinda sokoni anataka vita na kicheko. Nakubali kwamba anavitaka. Mimi pia navitaka. Nisichokikubali ni kumwamulia kwamba hataki kingine. Mwaka 2016 Mkenya mwenzetu, Mbithi Masya, alitoa Kati Kati, hadithi ya watu waliokwama mahali fulani baina ya kufa na kwenda, wakilazimika kuyatazama waliyoyatenda. Ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa huko Toronto. Waulizeni watu wa Mukurweini wangapi wameiona. Tunazo maktaba, kumbi za makanisa, kumbi za vyuo, na chuo kikuu kizima kilichopewa jina la Dedan Kimathi. Kinachotakiwa ni ukuta mweupe, projekta, na mtu wa kuomba kimya.

Na Japani yenyewe haiko mbali na mlima huu kama ramani inavyodai. Wangari Maathai, binti wa Ihithe, alikwenda huko mwaka 2005 akarudi na neno mottainai, la kusikitikia kitu kinachopotezwa bure, akalieneza duniani kana kwamba lilizaliwa Tetu. Kabla yake, mwaka 1984, Tuzo ya Noma, iliyoanzishwa na mchapishaji wa Kijapani Shoichi Noma kwa ajili ya vitabu vya Afrika, ilimwendea Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, kwa shajara yake ya kizuizini aliyoiandika kwa Gikuyu. Fedha za Tokyo zilikitambua kitabu cha Mgikuyu kuhusu kufungiwa miaka ishirini baada ya Tokyo kututengenezea filamu kuhusu kufungiwa. Nimelifikiria hilo wiki nzima.

Nimelifikiria kwa sababu ya mwisho wa filamu. Wale msioiona mnisamehe, ila siwezi kulifikia ninalotaka kusema bila kuupitia. Mwalimu amefukia ndoo mchangani, mtego wa kunasa kunguru ili amfunge barua mguuni. Mtego ameuita Tumaini. Kunguru hanaswi, lakini siku moja anakuta maji ndani ya ndoo. Mchanga unayavuta kutoka chini jinsi utambi unavyovuta mafuta taa. Anaanza kuchunguza, kupima, kuandika. Kisha mjane anaugua, anapandishwa juu kwa kamba apelekwe kwa daktari, na ngazi inasahaulika. Mwalimu anapanda. Anaiona bahari. Halafu anateremka mwenyewe, anarudi kwenye ndoo yake.

Mimi nilikuwa nikisema amevunjika, roho yake imezoea gereza. Nikamwuliza tata. Alifikiri sana. "Ana maji," akasema. "Huko kwao Tokyo atamwonyesha nani? Huko wanafungua bomba." Kisha ikaja karatasi ya mwisho, ya mahakama, inayotangaza kwamba mtu aitwaye Niki Jumpei hajulikani alipo baada ya miaka saba. Ni hapo tu, dakika ya mwisho, ambapo filamu inalitilia mkazo jina lake lote. Nikamsomea.

"Na mwanamke?" tata akauliza. "Yeye anaitwa nani?"

Nilirudisha nyuma kutafuta, ingawa nilijua sitapata. Mwanamke hapewi jina popote. Filamu imebeba cheo chake, mikono yake ndiyo iliyozoa mchanga miaka yote kabla ya mwalimu kuja, na mahakama haimtafuti kwa kuwa hakuna karatasi iliyowahi kusema yupo. Nimeiona mara nne, nimeisifia kwa marafiki, na swali hilo halikunijia.

Gakaara alikuwa na kalamu, na namshukuru Mungu kwa kalamu hiyo. Katika mnara wa Mau Mau uliozinduliwa Uhuru Park mwaka 2015 kuna mwanamke anayempa mpiganaji chakula, na kila mmoja ametazama upande wake ili wasijuane, wasije wakatajana wakiteswa. Nilikuwa nikiusifu ufundi wa hizo shingo zilizogeuzwa. Jumamosi nilimweleza tata habari zake, akasema, "Sisi wa mtaroni tulitazamana. Tulikuwa tukijuana majina."

Stima ilikuwa imepotea tangu saa kumi na moja, tukawa tunatumia betri, nayo ikaisha tukiwa kwenye ile karatasi ya mahakama. Nikawasha tochi ya simu. Tata akaanza kuwataja, akifuata mpangilio waliosimama nao: aliyekuwa upande wake wa kushoto, aliyefuata, aliyepokea karai juu, aliyejifungua wiki ile na kurudi na mtoto mgongoni. Nikaandika nyuma ya risiti ya kiwanda cha kahawa, kisha pembeni mwa gazeti. Yamefika majina kumi na manne. Wa kumi na tano alimkumbuka kikohozi, alimkumbuka shuka la bluu, alimkumbuka wimbo alioupenda, ila jina likawa halimjii. Akaniambia nisiandike kitu bado. Nikazima tochi ili simu isife, tukakaa gizani tukilingoja.