Kabla ya kugeuza kitanda, tuulize upepo na maji

Anayetafuta nyumba ya kupanga leo katika miji yetu, iwe Goma, Bukavu au Lubumbashi, anakutana na washauri wawili. Wa kwanza ni komisioneri, ambaye anataka pesa yake kabla mlango haujafunguliwa. Wa pili ni simu yake mwenyewe: video fupi zinazofundisha feng shui, elimu ya Wachina ya kuchagua na kupanga makao. Zinamwambia chumba cha kulala kielekee wapi, kitanda kikae wapi, na kioo kitolewe wapi. Kuna wanaozifuata neno kwa neno, na kuna wanaozicheka. Sisi tunaona kwamba hazistahili kuchekwa, ila zinastahili kueleweka.

Jina lenyewe ni maneno mawili ya Kichina: feng ni upepo, shui ni maji. Ni elimu ya kale. Maandishi yanayohesabiwa kuwa ya Guo Pu, mwanachuoni aliyekufa mwaka 324, yalihusu kuchagua mahali pa kuzika wafu, na wazo lake kubwa ni kwamba pumzi ya uhai hutawanywa na upepo na kuzuiwa na maji. Hadi leo wapo wanaoizingatia wanapojenga. Huko Hong Kong kuna majengo marefu yaliyoachiwa tundu kubwa katikati, na watu husema ni njia ya joka kushuka kutoka mlimani. Majengo mengi hayana ghorofa ya 4, kwa sababu tamko la namba hiyo linafanana na neno la kifo.

Kwa chumba cha kulala, kanuni zake zinajulikana. Kichwa cha kitanda kiegemee ukuta imara. Anayelala auone mlango, lakini miguu yake isiuelekee moja kwa moja, maana Wachina huona hivyo ndivyo maiti anavyotolewa nyumbani. Kitanda kisigusane na ukuta wa choo, na chini yake pasijazwe mizigo.

Ukitazama vizuri, kanuni kadhaa kati ya hizo hazihitaji joka. Ukuta wa choo mara nyingi una unyevu. Mizigo chini ya kitanda ni maficho ya panya na mbu. Na mtu anayeuona mlango hulala kwa utulivu zaidi, jambo ambalo mkaaji yeyote wa mitaa yenye wezi wa usiku analielewa bila mwalimu.

Lakini kuna kanuni zisizosafiri. Wachina hupenda nyumba inayotazama kusini, na wana sababu: Beijing iko karibu nyuzi 40 kaskazini mwa Ikweta, baridi yake inatoka kaskazini na jua la majira ya baridi liko kusini. Lubumbashi iko zaidi ya nyuzi 11 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa 6 na wa 7, wakati watu wa huko wanapotetemeka asubuhi, jua liko upande wa kaskazini. Anayefuata video atafungua dirisha lake upande wenye kivuli, kisha atashangaa kwa nini chumba hakipati joto.

Kwa hiyo tuache majedwali, tushike lile swali la msingi: upepo wa nyumba hii ukoje, na maji yake yanapita wapi? Katika nchi yetu swali hilo si la bahati. Ni la kufa na kupona.

Tuanze na upepo. Magharibi ya Goma, kuelekea Bulengo, Lac Vert na Sake, ardhi ya volkano hutoa gesi ya CO2 ambayo wenyeji wanaiita mazuku, upepo mbaya. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haionekani. Mbuzi aliyekutwa amekufa bila jeraha, ndege na mijusi waliolala chini, majani yaliyokauka katika shimo moja tu: hizo ndizo alama zake. Mahali pa namna hiyo hakuna kitanda cha kugeuza. Nyumba hiyo haipangwi, hata kama kodi yake ni nusu ya zingine.

Upepo mbaya wa pili tunauingiza sisi wenyewe. Usiku wa baridi, mbabula yenye makala yanayowaka inawekwa chumbani, mlango unafungwa, watoto wanalala. Moshi ukiisha watu hudhani hatari imeisha, kumbe gesi inayoua haina rangi wala harufu. Ni vilevile kwa jenereta inayowashwa koridoni umeme ukikatika. Chumba chenye dirisha moja lisilofunguka hakiwezi kuokolewa na mpangilio wowote wa vitanda.

Halafu maji. Mwezi wa 5 mwaka 2023, huko Kalehe, mvua iliteremsha matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mwezi wa 12 mwaka 2022, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya 100 Kinshasa. Anayepanga nyumba katika miteremko ya Bukavu akiwa anaangalia rangi ya ukuta tu, anaangalia upande usiofaa. Aende kuiona siku ya mvua. Aone mtaro unamwaga wapi, nyufa ziko wapi, na doa la maji limefika kimo gani ukutani. Aulize majirani badala ya komisioneri.

Ndani pia maji yana neno lake. Kulingana na OMS, Congo ni ya pili duniani baada ya Nigeria kwa wingi wa malaria. Basi kanuni ya kwanza ya kitanda kwetu iwe hii: kikae mahali ambapo chandarua kinaweza kutundikwa na kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Kama chumba hakiruhusu hilo, kabati ndilo lihame.

Hata hivyo, ni rahisi kumhubiria mpangaji, na haitoshi. Watu wengi hawachagui nyumba. Pesa ndiyo inayowachagulia. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Disemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Mwenye nyumba anayedai miezi 6 au 10 hamwibii mpangaji pesa tu. Anamfunga pia. Mama aliyekabidhi akiba yake yote hawezi kuhama atakapoona ukuta unapasuka au mtoto anakohoa kila asubuhi, kwa sababu pesa ya kuhamia iko mikononi mwa mtu anayemkimbia.

Ndiyo maana tunadai mambo mawili kwa wenye mamlaka. Kwanza, kikomo cha miezi 3 kiheshimiwe, na wakuu wa mitaa wapokee malalamiko bila kuomba chochote. Pili, maeneo ya mazuku na ya maporomoko yawekewe alama zinazosomeka kwa Kiswahili, na idara ya ujenzi ikome kutoa vibali humo. Wataalamu wa volkano wa Goma wanayajua maeneo hayo. Mpangaji ndiye asiyeyajua, na ndiye anayelala hapo.

Wachina wa kale waliuliza upepo na maji hata kabla ya kumzika marehemu wao. Sisi tuulize kabla ya kuwalaza watoto wetu.