HESABU ZA MTIHANI: NAMBA ISIYO NA KIPIMO

Katika maswali ya aljebra yanayowapotezea watahiniwa alama, yako mawili ambayo mara nyingi huja pamoja. La kwanza ni swali la kugeuza vipimo. La pili ni swali la kutolingana, yaani lile linalouliza juu ya kiasi kisichozidi au kisichopungua kadiri fulani. Maswali haya si magumu kwa hesabu yake, maana kuzidisha na kugawanya hufundishwa tangu shule ya msingi. Hatari yake ni kwamba mtu aweza kuyakosea pasipo kujua, akatoka katika chumba cha mtihani akiwa na moyo mkunjufu.

Tuseme gari ndogo ya mizigo imeruhusiwa kuchukua uzito usiozidi tani 1, yaani kilo 1,000. Ndani yake limekwisha kupakiwa sanduku la vyuma lenye uzito wa ratili 550. Je, magunia mangapi ya mahindi, kila moja la kilo 90, yaweza kuongezwa?

Mtahiniwa mwenye haraka hutoa 550 katika 1,000, akapata 450. Kisha hugawanya kwa 90, akapata 5 kamili bila baki. Kwa kuwa jibu limetoka safi, hana shaka nalo. Walakini amekosea, maana ametoa ratili katika kilo. Hayo ni sawa na kutoa kuku watatu katika mbuzi kumi na kusema kwamba wamebaki saba. Saba wa nini?

Mtahiniwa mwangalifu hageuzi namba yoyote kabla ya kuviweka vipimo vyote katika lugha moja. Ratili 1 ni kilo 0.4536, basi ratili 550 ni kilo 249.48. Idadi ya magunia ikiitwa g, hesabu huandikwa hivi: 90g + 249.48 ≤ 1,000. Akiondoa uzito wa sanduku hupata 90g ≤ 750.52, na akigawanya kwa 90 hupata kwamba g haizidi 8.34. Kwa kuwa magunia hupakiwa mazima, jibu ni 8.

Hapa pana jambo jingine la kuangaliwa. Hata kama hesabu ingalitoa 8.9, jibu lingalibaki 8, maana gunia la 9 lingaliivusha gari mpaka wake. Kinyume chake, watu 100 wakitakiwa kusafirishwa kwa magari yanayochukua watu 14 kila moja, kugawanya hutoa 7.14, lakini jibu ni magari 8, ama sivyo watu wawili wataachwa njiani. Kwa hiyo katika maswali ya namna hii kanuni ya kukadiria kwa nusu haitawali. Linalotawala ni neno la swali: “isiyozidi” hushusha jibu, na “isiyopungua” hulipandisha. Kwa kuwa mtihani wa hesabu nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, yamfaa mtahiniwa alitamke swali kwanza moyoni mwake kwa lugha anayoisema nyumbani, apate kujua kama ameulizwa la juu au la chini.

Mtego wa pili umo katika alama yenyewe. Tangi lina lita 500 za maji, na nyumba hutumia lita 60 kila siku. Mwenye nyumba anataka zisipungue lita 80 wakati wowote. Aweza kukaa siku ngapi bila kuongeza maji? Siku zikiitwa s, hesabu ni 500 − 60s ≥ 80, ambayo huwa −60s ≥ −420. Sasa imempasa mtahiniwa kugawanya pande zote mbili kwa −60, na hapo ndipo alama hugeuka, ikawa s ≤ 7. Asiyeigeuza ataandika kwamba siku zisipungue 7, naye atakuwa amemruhusu mwenye nyumba kukaa siku 10, ilhali tangi litakauka siku ya 9.

Wengi huikariri kanuni hii bila kuuliza sababu yake. Sababu ni nyepesi. Shilingi 5 ni nyingi kuliko shilingi 3, lakini mtu anayedaiwa shilingi 5 yuko chini ya yule anayedaiwa shilingi 3. Namba zikigeuzwa kuwa deni, aliyekuwa mbele huwa nyuma.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya darasani tu. Tarehe 23 Julai 1983, ndege mpya ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada ilitakiwa kuruka kutoka Montreal, kupitia Ottawa, hadi Edmonton. Safari hiyo ilihitaji mafuta yasiyopungua kilo 22,300. Saa za kuonyesha mafuta hazikufanya kazi, basi mafuta yakapimwa kwa kijiti, ikaonekana kwamba matangini mna lita 7,682. Ili kugeuza lita kuwa uzito, walizidisha kwa 1.77. Namba hiyo ilikuwa sahihi, ila ilikuwa ya ratili. Lita moja ya mafuta yale ilikuwa na uzito wa ratili 1.77, yaani kilo 0.803.

Hivyo walidhani kwamba wana kilo 13,597, kumbe walikuwa na kilo 6,169 tu. Zilihitajika lita 20,089 zaidi, nao wakaongeza lita 4,917. Ottawa mafuta yakapimwa tena, lakini hesabu ikafanywa kwa namba ile ile ya 1.77, na kosa lile lile likapita. Ndege ikaruka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyotakiwa. Ilipokuwa juu futi 41,000, mafuta yakaanza kwisha, na injini zote mbili zikazima. Rubani Robert Pearson, aliyekuwa na ujuzi wa kurusha ndege zisizo na injini, aliiteleza angani mpaka Gimli, penye uwanja wa zamani wa jeshi la anga. Watu wote 69 waliokuwamo wakaokoka.

Kuzidisha kwao hakukuwa na kosa. Kilichokosekana ni neno moja kando ya namba. Kama wangaliandika “ratili 1.77 kwa kila lita”, jibu lingalitoka likiwa na jina la ratili, na macho yangaliliona.

Basi mtahiniwa ashike desturi tatu. Kwanza, aandike jina la kipimo katika kila mstari wa kazi yake, si mwishoni tu. Akigeuza eneo, akumbuke kwamba mita 1 ya mraba ni sentimita 10,000 za mraba, wala si 100, kwa kuwa urefu na upana vyote viwili vimegeuzwa. Pili, kila agawanyapo au azidishapo kwa namba ya kutoa, aigeuze alama papo hapo. Tatu, ahakiki jibu lake kwa njia nyingine, maana anayehakiki kwa njia ile ile hulirudia kosa lile lile. Magunia 8 ni kilo 720, pamoja na sanduku ni kilo 969.48. Gunia moja zaidi ni kilo 1,059.48, na mpaka umevukwa.

Kuandika neno “kilo” au “lita” hakumalizi hata nukta mbili, na karatasi ya hesabu ya kidato cha nne hupewa saa mbili na nusu. Nafasi ya kuliandika haikosekani.