Shimba Twaitazama, Mbona Hatuipandi?

Waulize vijana kumi wa Mombasa Idd ijayo watakwenda kutembea wapi. Tisa watakwambia ufuoni, na wa kumi atasema hana nauli. Hutamsikia hata mmoja akitaja milima ya Shimba, ingawa asimamaye Likoni siku isiyo na mawingu huiona ule upande wa kusini-magharibi, imelala kama mgongo wa ngamia. Ati kupanda mlima ni kazi ya wazungu wenye viatu vizito na mikoba mgongoni! Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi barazani, na kila nikiyasikia huniudhi.

Shimba si mlima wa kutisha. Kilele chake hakifiki mita 500 juu ya bahari. Lakini anayedhani kwamba kwa hivyo ni matembezi ya jioni, na ashuke kwa miguu hadi kwenye maporomoko ya Sheldrick. Njia yenyewe ni kama kilomita mbili tu, na huendi peke yako. Hutangulia askari wa wanyama pori mwenye bunduki, kwa sababu ya ndovu. Mwanzoni ni nyasi na upepo wa kusi. Kisha njia huinama, msitu ukafunga, mizizi ikawa ndiyo ngazi, na jasho likakutoka pasipo jua. Kanzu si vazi la mteremko ule, wala ndara si viatu vyake. Chini kabisa maji huanguka kutoka urefu wa mita 21, na hapo kila mtu husahau magoti yake, mpaka atakapokumbuka kwamba alikoshukia ndiko atakakopandia.

Wako wanaozunguka kwa gari, wakamwona palahala, swara yule wa pembe zilizopinda kama jambia ambaye katika Kenya nzima makao yake ni Shimba, kisha wakarudi wakasema wameijua Shimba. Hao wameziona nyasi. Msitu haujulikani kwa dirisha la gari. Kwa mguu ndipo utakapopita chini ya mbambakofi, ukauwekea shina mkono. Mbao za mti huu ndizo zilizowapa mafundi wetu wa pwani milango na vyombo vya baharini. Twajisifu kwa milango ya Lamu na ya Mji wa Kale, tukawapigia picha wageni wasimamao mbele yake, na watoto wetu hawawezi kuutambua mti wenyewe ukiwa na majani. Huo ni utamaduni wa namna gani?

Tena kuna jambo la maji. Chemchemi za Marere zimo katika milima hii, na maji yake yalikuja Mombasa kwa bomba tangu enzi za ukoloni, kabla ya kuwekwa lile bomba la Mzima katika miaka ya 1950. Mvua inayoletwa na upepo wa bahari hugonga mgongo ule, ikapokewa na miti, ikazama taratibu katika udongo wa kichanga na mawe, halafu ikachimbuka chini. Ukiukata msitu, mvua hiyo hiyo itateremka kwa siku moja na kuchukua udongo pamoja nayo. Kwa hivyo mtu wa Mombasa atiaye udhu kwa maji ya bomba ana haki yake katika mlima huu, na ana deni lake pia. Msitu usiojulikana na wenyewe hukatwa kimya kimya, na siku ya kuutetea hapatikani shahidi.

Najua ndugu zetu wa vijiji vya chini watanijibu: wewe wasifu msitu, sisi ndovu wametulia mahindi. Wana haki ya kusema. Mwaka 2005 ndovu wapatao 150 walihamishwa kutoka Shimba hadi Tsavo Mashariki kwa kuwa walikuwa wamezidi, na hata ukuta wa waya wa umeme haukumaliza ugomvi. Mkulima aliyekesha akipiga debe hana nafasi ya kusifia majani. Lakini sisi wa mjini, tusiopoteza hata bua moja, tuna udhuru gani?

Walimu wa madrasa na wa shule hukodi basi kila mwaka kupeleka watoto kuogelea. Basi moja tu katika hayo na lielekee Kwale. Masika yakiisha, utelezi ukipungua, watoke alfajiri baada ya Sala, kila mtoto na chupa yake ya maji na viatu vya kufunga, na pamoja nao mzee mmoja wa Kidigo anayeijua miti kwa majina. Wazee hao bado wapo, ila hawazidi.