Mtaala wa Kumsomesha Mtoto Nyumbani: Msichague kwa Jalada!

Mwezi huu tunavuka maji hadi Marekani, kwa ndugu zetu walioamua kuwasomesha watoto nyumbani na wanaotaka masomo yaende sambamba na imani yao ya Kikristo. Kule si jambo la ajabu. Tangu mwaka 1993 linaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina masharti yake. Texas hawana mambo mengi. Pennsylvania unatunza kazi za mtoto, zikiwemo alizoandika, na kila mwaka mtu anayetambulika anazikagua.

Hesabu hazileti ugomvi sana. Ngoma inaanza kwenye kusoma na kuandika. Mama anataka vitabu vya hadithi, baba anataka sarufi na maksi, mtoto anataka kulala. Linaagizwa boksi la vitabu kwa mamia ya dola kwa sababu lina mistari ya Biblia kila ukurasa. Ikifika Novemba boksi liko chini ya kitanda, na wenye nyumba wamenuniana.

Jamani, mstari wa Biblia peke yake haumfundishi mtoto kuandika. Angalieni mtaala wenyewe unafanya kazi vipi.

JUENI MNACHONUNUA

Wa vijitabu. Mfano ni ACE, ulioanzia Texas mwaka 1970. Mtoto anasoma mwenyewe, anajaza majibu na kujisahihisha. Unamfaa mama mwenye kazi au mwenye watoto wanne wa umri tofauti. Lakini kujaza nafasi iliyoachwa wazi siyo kuandika. Ukiuchukua, ongeza insha yako kila wiki.

Wa kama darasani. Abeka, wa Pensacola, Florida, upo tangu 1972. Sarufi, tahajia, mazoezi kila siku. Mzazi anayependa mpangilio ataufurahia. Kama mtoto wako hatulii kwenye kiti, mtakosana kabla ya Ijumaa.

Wa vitabu vyenyewe. Sonlight ulianza mwaka 1990 kwa ajili ya familia za wamisionari walioko nje. Mzazi anasoma hadithi kwa sauti, kisha wanaijadili. Unakaribiana na mawazo ya Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki 1923, ambaye alitaka mtoto asimulie kwa maneno yake kile alichosikia. Ni raha, ila unakula muda. Kama wewe mwenyewe kitabu kinakupa usingizi, usijidanganye.

Wa kuandika tu. IEW unamfundisha mtoto kuchukua maneno makuu, yasiyozidi matatu kwa kila sentensi, kisha kuiandika habari upya kwa kuyafuata. Yule anayelia mbele ya karatasi tupu, "sijui niandike nini", huu utamsaidia.

MPIME KWANZA

Kabla ya kutoa hela, msomee mtoto habari fupi umwambie akusimulie. Akisimulia vizuri lakini kalamu inamshinda, akili yake haina tatizo, tatizo ni mkono na tahajia. Andika anachosema, naye anakili. Kama hata kusimulia kunamshinda, insha zisubiri. Huyo anahitaji kusomewa hadithi nyingi, siyo boksi jipya.

KAENI CHINI WAWILI

Kubalianeni mambo matatu: nani atakaa na mtoto, saa ngapi, na hadithi zipi zinaingia nyumbani. Hilo la tatu lina moto. Wapo wanaotupa kitabu wakiona mchawi tu. Lakini kwenye The Lion, the Witch and the Wardrobe cha mwaka 1950 mchawi yumo hadi kwenye jina, na mwandishi wake, C.S. Lewis, ni Mkristo aliyeandika sana kuitetea imani. Mkikataa ni haki yenu, mkikubali pia. Ila mmalizane chumbani, msibishane mbele ya mtoto. Na baba, kama mama ndiye anayefundisha kutwa, kusoma hadithi ya usiku ni zamu yako.

NA KISWAHILI JE?

Hapa ndipo wengi wanapojisahau. Mitaala hii yote ni ya Kiingereza. Mtoto atamaliza miaka kumi akijua hadithi za watu wote isipokuwa za bibi yake. Tengeni dakika 20 kwa siku. Mdogo msimulieni Sungura na Fisi, anakili mistari kutoka Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952. Mkubwa mpeni Kusadikika cha Shaaban Robert, asome jinsi Karama anavyoshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Mwandishi alikuwa Mwislamu, lakini haki haina dhehebu.

Mwisho wa mwezi mtoto amwandikie bibi barua, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Bibi akicheka pale palipotakiwa kuchekwa, mtaala wenu unafanya kazi. Akiuliza "huyu mtoto anasema nini?", mna kazi ya kufanya, hata kama maksi ni 100.

Tukutane mwezi ujao, mpendane!