Baiskeli Kuukuu ya Mlima: Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na chanjo. Mwezi huu tumechagua kuzungumza juu ya baiskeli, hasa ile baiskeli ya gia iitwayo baiskeli ya mlima, ambayo katika nyumba nyingi imetundikwa darini au imeegemezwa nyuma ya jiko tangu miaka ya 1990. Pengine ilikuwa ya baba, au ya katekista mstaafu aliyezunguka nayo vigangoni. Tairi zimepasuka, mnyororo umeshika kutu, lakini hakuna mtu nyumbani anayekubali iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sasa vijana wanataka kuifufua.

Sisi wauguzi tunaunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Hata hivyo tunalo neno letu. Mara nyingi tunaona fedha ya kwanza inakwenda kwenye rangi, nakshi na kengele, na breki zinaachwa kama zilivyokuwa. Kwa maoni yetu huko ni kuanzia mwisho. Baiskeli yenye kutu iliyotundikwa darini haimdhuru mtu. Ile inayong'aa lakini haisimami ndiyo inayotuletea majeruhi.

Historia ya baiskeli hizi yenyewe inatupa ushahidi. Baiskeli ya mlima haikubuniwa kwanza kiwandani, bali ilizaliwa kwa watu kufufua baiskeli kuukuu. Katika miaka ya 1970, huko Marin, jimbo la California nchini Marekani, kaskazini ya San Francisco, vijana walitafuta baiskeli za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zenye fremu nzito na tairi nene, wakazitengeneza na kuteremka nazo kwa kasi katika njia za vumbi za Mlima Tamalpais na vilima vya jirani. Njia moja karibu na mji wa Fairfax hushuka kadiri ya mita 400 katika umbali wa kilomita 3 na ushei. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya kurudisha pedali nyuma. Breki hiyo ilipata moto njia nzima, hata grisi iliyomo ndani ikatoka moshi na kwisha, na kila baada ya mteremko walilazimika kuifungua na kuijaza grisi upya. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza tena. Mashindano ya kwanza ya kuteremka hapo yalifanyika Oktoba 1976.

Angalieni basi walichofanya wenzetu hao. Gary Fisher na wenzake walifunga breki za ngoma na mikono ya breki ya pikipiki. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper, baiskeli ya mlima iliyotengenezwa kwa wingi huko Japani. Mwaka 1996 mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki ya Atlanta. Safari hiyo yote ilianza kwa watu waliotaka kushuka mlima, na tatizo lao kubwa lilikuwa namna ya kusimama.

Kwetu baiskeli hizi huja kwa wingi zikiwa za mtumba, toka Japani na Ulaya, na sehemu za milima kama Lushoto, Uluguru au Mbinga hupendwa kwa sababu ya gia zake. Zile za zamani zilizo nzuri zina fremu ya chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni, chepesi na kigumu. Tuseme wazi kwamba fremu ya namna hiyo, hata ikiwa na miaka 30, twaipenda kuliko baadhi ya baiskeli mpya za bei ya chini zinazouzwa leo, zenye springi za urembo na uzito wa jiwe. Ila kabla ya kutumia hata shilingi moja, fremu ikaguliwe mchana kwenye mwanga. Tazama pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani. Rangi ikiwa imekunjamana au kuna ufa mwembamba kama unywele, fremu hiyo ilikwisha kugonga kitu. Tazama pia chini karibu na ekseli ya pedali, mahali ambapo maji hutuama ndani na kutu hula kwa siri. Fremu ya chuma fundi hodari aweza kuichomelea. Ya aluminiamu iliyopasuka isichomelewe kando ya barabara, maana joto huidhoofisha, nayo huvunjika ghafla.

Sasa tuje kwenye breki zenyewe. Raba za breki zilizokaa miaka mingi hukauka zikawa ngumu kama kwato. Kwa macho zinaonekana bado nene, na mwenyewe husema, "Hizi bado nzima." Bonyeza kwa ukucha. Zisipobonyea, zitupe. Waya nao hushika kutu ndani ya ganda lake mahali usipopaona, kwa hiyo waya na ganda vibadilishwe pamoja, hata kama ncha zake zinang'aa. Vitu hivi ni vya bei ndogo kuliko kopo la rangi ya kupuliza, nasi hatuoni sababu ya kuvionea uchoyo.

Baiskeli nyingi za mlima za miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 zina breki za mikono miwili iliyotanuka, iliyounganishwa juu ya tairi kwa waya mfupi, na waya mkuu ukishuka kuuvuta katikati. Hapa pana hatari ambayo hata mafundi wengine hawaifikirii. Waya mkuu wa mbele ukikatika, ule mfupi waweza kuangukia tairi, ukanaswa na meno yake, gurudumu likasimama papo hapo na mwendeshaji akarushwa mbele ya usukani. Bamba la tope au kibao cha kuakisi taa kilichofungwa juu ya tairi huuzuia waya huo usifike chini. Kwa hiyo vijana wanaoking'oa kibao hicho kwa kuwa "kinaharibu sura" wafikiri mara mbili.

Wengine hupenda kufunga breki za mikono mirefu zilizoenezwa na Shimano tangu mwaka 1996. Ni breki nzuri, na mara nyingi huingia kwenye vishikizo vilevile vya fremu. Lakini huhitaji waya uvutwe kwa urefu zaidi, kwa hiyo mikono ya breki usukanini nayo ibadilishwe. Ukiacha ile ya zamani, waweza kuuvuta mkono hadi ukagusa usukani kabla breki haijashika sawasawa. Rimu pia zitazamwe. Rimu za chuma zenye kromu hupendeza sana, lakini zikilowa mvua breki huteleza juu yake na baiskeli huenda mbali kabla ya kusimama. Rimu za aluminiamu hushika vizuri zaidi, ila huliwa na raba mwaka hadi mwaka. Ukipitisha kidole ukaona ubavu umebonyea kama kijiko, rimu hiyo imekwisha.

Yapo mambo mawili madogo ambayo kwa kazi yetu hatuwezi kuyanyamazia. La kwanza ni ncha za usukani. Baiskeli kuukuu mara nyingi zimepoteza vishikio vya raba, zikabaki na bomba tupu. Mtoto akianguka juu ya ncha ile, tumbo huumia ndani: ini, wengu, kongosho au utumbo. Kwa nje huonekana duara dogo tu la ngozi iliyochubuka, na mtoto hurudi kucheza. Saa kadhaa baadaye, au hata kesho yake, anaanza kutapika, tumbo linakuwa gumu, anapauka. Mtoto wa namna hiyo aletwe hospitali bila kungoja apone mwenyewe. Kizibo cha mti au raba nzito iliyofungwa barabara huziba bomba hilo.

La pili ni miguu ya watoto wanaobebwa kwenye keria. Baiskeli ya mlima haikuundwa kubeba mtu nyuma, na kwa kawaida haina kinga ya spoki. Wazazi wakiifufua kwa matumizi ya nyumbani huongeza keria, nalo si kosa, lakini watie pia wavu au bamba la kufunika spoki na mahali pa mtoto kukanyagia. Mguu ukiingia kwenye spoki, kisigino huchanika na kusagwa. Ngozi inayoonekana imerudi mahali pake siku ya kwanza yaweza kufa baada ya siku chache. Osha kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, umlete. Tafadhali msipake majivu wala grisi.

Kazi yenyewe ya kufufua baiskeli nayo ina hatari zake. Mafundi huosha gololi na mnyororo kwa mafuta ya taa au petroli. Petroli tunaikataa kabisa, kwa sababu mvuke wake hushika moto hata toka jiko lililo mbali kidogo. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hanusi kwanza. Akiyanywa, msimtapishe, wala msimpe maziwa ili atapike. Mafuta hayo hudhuru zaidi yanapopanda na kuingia kwenye mapafu. Mvueni nguo zilizolowa na kumkimbiza hospitali, hasa akiwa anakohoa.

Rangi ya zamani yaweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Msasa mkavu hurusha vumbi hilo ndani ya nyumba na kwenye vyombo. Msasa wa maji ndio ufaao. Kazi ifanyike nje mbali na watoto na mama wajawazito, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na kwa kuwa vidole vitachubuka, maana spana haina huruma, fundi aulize kama amewahi kumaliza chanjo ya pepopunda. Wadudu wake hukaa hasa kwenye udongo na samadi, na kijeraha kidogo chawatosha.

Wapo ndugu wapendao baiskeli hizi ambao hawatapendezwa na maneno yetu. Husema baiskeli ya kale ibaki na vitu vyake vya asili, hata raba za breki, hata tairi, la sivyo si ile tena. Twawaelewa. Mtu anayeshika usukani ulioshikwa na marehemu baba yake hashiki chuma tu. Lakini hakuna anayelazimishwa kuvitupa vitu vya zamani. Viwekwe katika boksi, vipakwe mafuta, viandikwe jina, na ikija siku ya kuipiga picha vifungwe tena. Siku ya kwenda sokoni kwa mteremko, ifungwe vitu vipya. Tairi za inchi 26 bado zinapatikana kwa urahisi madukani, wala hakuna haja ya kupanda juu ya mpira uliopasuka ubavuni. Usukani wa aluminiamu uliokwisha kupindwa na kunyoshwa nao tungeuweka kwenye boksi hilohilo.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu tunataka baiskeli hizo zitembee. Kliniki zetu zinapokea watu wengi wenye shinikizo la damu na kisukari, na wengi wao wameacha kutembea kwa miguu tangu pikipiki zilipoenea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa ya baiskeli siku tano inatosha kufika hapo. Gia nyepesi humwezesha hata mwenye miaka 60 kupanda kilima bila kushindana na magoti yake, ilimradi kiti kimeinuliwa kiasi kwamba pedali ikiwa chini goti limekunjwa kidogo tu. Tena nguzo ya kiti isivutwe kupita alama iliyochorwa juu yake. Mwenye ugonjwa wa moyo aonane na mganga kwanza. Kofia ngumu ivaliwe, na kofia iliyokwisha kugonga chini katika ajali isitumiwe tena.

Baiskeli ikiwa tayari, isipelekwe mlimani siku hiyohiyo. Ijaribiwe uwanjani, mahali tambarare. Simama kando yake, kamata breki ya mbele na uisukume: gurudumu la nyuma linyanyuke. Kamata ya nyuma peke yake na uisukume tena: tairi iburuzike bila kuzunguka. Kisha panda polepole na usimame mara kumi. Baada ya wiki moja waya mpya zitakuwa zimelegea na spoki nyingine zitakuwa zimejipanga upya, kwa hiyo irudishwe kwa fundi azikaze, akague na nati za magurudumu. Ikipita hapo, ipakwe rangi iliyochaguliwa na vijana.