Monita ya Chogo: Tusiitupe Wala Tusiifungue



Hapa Kibagabaga bado zimo nyumba zenye monita za chogo. Picha ikijipinda au rangi zikichafuka, wengi wetu huamua moja kati ya mawili: kuitupa, au kuchukua bisibisi na kuifungua. Sisi tunaona yote mawili ni makosa.

Kwanza tazameni kilicho karibu nayo. Spika ina sumaku, na sumaku hupotosha miale ya elektroni inayochora picha kwenye kioo. Ndipo pembe moja hugeuka kijani au zambarau. Isogezeni mbali, zimeni monita kwa nusu saa, kisha iwasheni. Nyingi hujiondolea usumaku zinapowashwa. Rangi moja ikikosekana kabisa, kagueni plagi ya waya wa picha, huenda pini imepinda. Picha ikitetemeka, jaribuni kupandisha kasi yake kutoka 60 hadi 75 kwenye mipangilio ya kompyuta, ikiwa monita inaikubali.

Hayo yote hufanywa kwa nje. Ndani mna umeme unaofikia volti 20,000 na zaidi, nao huweza kubaki hata waya ukishachomolewa ukutani. Kijana asiguse, aachiwe fundi.

Ikishindikana, isitupwe bondeni, kwani kioo chake kina madini ya risasi, nayo ni sumu. Bugesera kuna kituo cha kuchakata taka za kielektroniki.

Kutupa monita nzima kwa sababu ya spika ni israfu. Kumpoteza mtoto kwa sababu ya bisibisi ni msiba.